Igizo la PPH mtandaoni kwa wanafunzi wa fani nne: tuligaweje ili wafanye kazi kama timu?

mkufunzi_kanda

Wakuu, habari za kazi.

Natakiwa kuandaa zoezi la pamoja la wanafunzi wa afya wa mwaka wa mwisho: udaktari 16, uuguzi na ukunga 16, famasi 8, maabara 8. Jumla 48. Kampasi ni tatu na zimeachana mbali, fedha ya nauli na malazi haipo, kwa hiyo zoezi litafanyika mtandaoni. Wawezeshaji tupo wanne. Wanafunzi wengi watatumia simu na bando la kujinunulia.

Matibabu yenyewe wanafundishwa darasani na wodini. Hapa nataka ushirikiano: kupeana taarifa, kuagizana na kuitikiana, na mdogo kuthubutu kumwambia mkubwa kwamba kuna hatari. Nimechagua PPH, mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, kwa sababu kila fani ina kazi pale.

Naomba msaada kwenye haya:
1. Kisa kigawanywe vipi ili wa famasi na wa maabara wasibaki watazamaji?
2. Jukwaa gani linavumilia mtandao dhaifu, na mapigo na presha vionyeshwe kwa njia gani bila kununua programu?
3. Mjadala wa baada ya zoezi unaendeshwaje watu wakiwa wamezima kamera?
4. Alama zitolewe vipi, au zisitolewe?

Tabibu_Mwalimu

Mkuu, swali la kwanza ndilo linalobeba mengine yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Ukimpa kila mwanafunzi kisa kizima, anayejiamini zaidi, mara nyingi wa udaktari, atakimaliza peke yake na wenzake wataitikia tu "sawa daktari". Dawa yake ni kugawa taarifa, kila mtu awe na kitu ambacho wengine hawana na bila hicho mama haponi. Ufafanuzi wa WHO wa mwaka 2010 unasema elimu ya pamoja ni pale wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao. Hilo la katikati, kutoka kwa wenzao, ndilo linalokosekana kwenye maigizo mengi ya mtandaoni.

Idadi yako imekaa vizuri. Tengeneza vikundi 8 vya watu 6: wawili wa udaktari, wawili wa uuguzi na ukunga, mmoja wa famasi, mmoja wa maabara. Watano wanacheza, wa sita (wa udaktari) anaangalia na kuandika. Kwenye mzunguko wa pili wale wawili wa udaktari wanabadilishana, na mkunga anabadilishana na muuguzi wa pili. Wawezeshaji wanne maana yake vikundi vinne kwa wakati mmoja, vingine vinne baadaye.

Kisa: mama wa miaka 29, uzazi wa nne, mtoto wa kilo 3.9, amejifungua kawaida dakika 25 zilizopita hospitali ya wilaya. Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, uniti 10 alichomwa kwenye msuli mara baada ya mtoto kutoka. Kondo limetoka zima. Huo ndio utangulizi wanaousikia wote. Baada ya hapo kila mmoja ana kadi yake.

Mkunga: ndiye aliye na mama. Anaona shuka la plastiki lenye vipimo, anashika mji wa mimba, anajua saa ya kila dawa iliyokwisha kutolewa.

Muuguzi wa pili: ana kadi ya kliniki. Ndani yake kuna presha ya 150/100 ya wiki ya 37 na Hb (wingi wa damu) ya 9.8. Hakuna mwingine anayejua hilo.

Daktari: anaitwa kutoka wodi nyingine. Hajui lolote kuhusu mama huyu. Kwenye kadi yake kuna orodha ya dawa za hatua ya pili, ergometrini ikiwemo.

Mfamasia: anajua kipi kipo leba na kipi kipo stoo kuu. Anajua pia kwamba ergometrini haipewi mwenye historia ya presha ya juu, ila hajui kama mama huyu ana historia hiyo.

Maabara: damu iliyopo ni O hasi chupa 1, O chanya chupa 2. Kulinganisha damu kikamilifu huchukua kama dakika 45. Sampuli isiyo na jina, namba na saa haipokelewi. Ombi lisilotaja dharura na idadi ya chupa linaingia foleni ya kawaida.

Tazama ergometrini hapo. Presha ya mama kitandani ni 112/70, kwa sababu anatokwa damu. Daktari akiangalia namba hiyo haoni kizuizi chochote. Muuguzi ana historia, mfamasia ana kanuni, daktari ana agizo, na kosa linazuilika tu wakiongea wote watatu. Mtego wa namna hii mmoja unatosha kwa kisa kizima. Ukiweka mitatu wanaanza kutafuta mitego na kumsahau mama.

Andaa hali tano za mgonjwa, uzipe herufi. Usizifunge kwenye saa, zifuate vitendo vya timu.

A: damu ml 350, mapigo 108, presha 112/70, mji wa mimba laini.
B: dakika 3 zimepita bila matibabu. Ml 600, mapigo 120, presha 98/60.
C: bado hakuna. Ml 950, mapigo 132, presha 84/50, mama anaanza kuchanganyikiwa.
D: wamefanya yote ya mwanzo. Kasi ya damu imepungua lakini haijakoma: jumla ml 700, mapigo 116, presha 100/64. (Waliopitia C, ongeza ml 350.)
E: mji wa mimba umekaza, mapigo 104, presha 106/68.

Kila kikundi lazima kipite D, hata kilichoenda haraka, kwa sababu pale ndipo dawa ya hatua ya pili inapojadiliwa. Kutoka A kwenda D wanatakiwa wawe wamekanda mji wa mimba, wametoa oksitosini ya matibabu, TXA (asidi traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda) gramu 1 kwenye mshipa taratibu kwa dakika 10, dripu, na kukagua njia ya uzazi. Hii ndiyo E-MOTIVE, mkusanyiko wa hatua za kutibu PPH, iliyojaribiwa hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na matokeo kutolewa mwaka 2023: damu kuzidi lita moja, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu na vifo vya damu, kwa pamoja vilipungua kwa asilimia 60. Siri yake ni kupima damu badala ya kukisia na kufanya mambo hayo kwa mkupuo, bila kungoja moja lishindwe ndipo lije lingine. Mtu mmoja hawezi mkupuo huo, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa somo lako.

Hali A nimeiweka ml 350 kwa makusudi. Mwongozo wa WHO, FIGO (shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi) na ICM (la wakunga) wa Oktoba 2025 unataka hatua zianze kwenye ml 300 kama kuna dalili mojawapo, mfano mapigo kuzidi 100. Wanafunzi waliokariri ml 500 watasubiri. Mkunga akisema "mia tatu hamsini" na muuguzi akasema "mapigo mia na nane" bila mtu wa kuunganisha hizo mbili, una mada nzuri sana ya mjadala.

Kinachoharibu mara nyingi: mwanafunzi anasoma kadi yake yote kwa sauti dakika ya kwanza, na zoezi limekufa. Kwa hiyo kadi iwe na sehemu mbili. Ya juu ni anachokijua tayari. Ya chini ni anachokipata akitenda: "Ukipima presha, mwezeshaji atakupa namba." Bila kusema "napima presha", namba haitoki.

Famasi_Zamu

Naunga mkono, ila kuna jambo moja la kurekebisha na moja la kuongeza.

La kurekebisha: usimpe mwanafunzi wa udaktari kadi inayomsukuma kuagiza ergometrini. Hata ukieleza baadaye kwamba ilipangwa, wenzake watabaki wakiamini hakujua, na yeye mwenyewe ataaibika mbele ya fani nyingine. Agizo hilo litoke kwa "daktari bingwa wa zamu" anayepigiwa simu, na huyo achezwe na mwezeshaji. Timu ikifika hali D na kutoa taarifa kwa SBAR, mpangilio wa kutoa taarifa ya mgonjwa kwa hatua nne, bingwa anajibu kwa haraka: "Mpeni ergometrini miligramu 0.2 kwenye msuli, nipigieni baadaye." Hapo mdogo anampinga mkubwa wa kweli, tena asiyeiona kadi ya kliniki. Akipingwa kwa hoja, bingwa akubali mara moja: "Asante kwa kuniambia, mpeni misoprosto." Mwezeshaji asijifanye mkali kupita kiasi. Akikazana, wanafunzi wanajifunza kwamba kusema hakusaidii.

La kuongeza: wa famasi na wa maabara hawasimami leba. Wanapigiwa simu. Mtandao kwao ndio uhalisia wenyewe, utumieni. Mzunguko wa kwanza wote wawe chumba kimoja, wazoeane. Mzunguko wa pili hao wawili wahamie chumba chao na wapatikane kwa simu ya kawaida au ya WhatsApp tu. Utaona papo hapo nani anapiga simu na kusema "leta damu" akakata.

Kwenye kadi ya mfamasia weka mambo yanayodai swali la kurudi. TXA ipo stoo kuu, ampuli za miligramu 500, kwa hiyo gramu 1 ni ampuli mbili. Anayeagiza "TXA moja" aulizwe, gramu moja au ampuli moja? Oksitosini inakaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na friji ya leba ina ampuli 3 tu. Misoprosto ni vidonge vya mikrogramu 200, dozi ya matibabu ni 800 chini ya ulimi, yaani vidonge vinne. Na swali ambalo mfamasia lazima aulize kila agizo linapokuja: nani anakuja kuchukua? Dawa nyingi huchelewa kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake ameondoka kwenda kuifuata.

Fundi_wa_Moodle

Nijibu la pili.

Fanyeni kwa sauti tupu. Simu ya sauti kwenye Zoom inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, yaani kwa dakika 90 kama MB 54 kila upande, MB 110 kwenda na kurudi. Video ya kilobiti 600 kwa muda huohuo inazidi MB 800. Mwanafunzi wa bando la kujinunulia hawezi hiyo ya pili, na akijaribu atakatika katikati ya zoezi. Kamera ziwashwe dakika mbili za mwanzo watu waonane, kisha zizimwe kwa makubaliano ya wote, asionekane mmoja mvivu.

Zoom ya bure inakata dakika ya 40. Kama chuo kina leseni, tumieni hiyo na vyumba vidogo. Kama hakina ila kina Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni, basi BigBlueButton, jukwaa la mikutano, inaingia ndani ya Moodle, ni ya chanzo huria, ina vyumba vidogo na haina kikomo hicho, ila inataka seva yenye nguvu. Mwulizeni mtu wa TEHAMA kama seva yenu imewahi kubeba watu 28 kwa pamoja kabla ya kuahidi chochote. Usipoteze muda kuwapangia vyumba vya Zoom kwa barua pepe. Ruhusu wachague chumba wenyewe, na jina la chumba liwe namba ya kikundi.

Majina: kila mtu ajibadili jina kabla ya kuanza, cheo kwanza. "MKUNGA Neema". "MAABARA Juma". Kwenye kioo cha simu jina refu hukatwa, kwa hiyo cheo kikiwa nyuma hakionekani.

Monita: slaidi tano za Google, moja kwa kila herufi A hadi E. Mandhari meusi, namba kubwa zijaze kioo, maandishi yasipungue ukubwa wa 60. Usiziwekee michoro ya moyo inayocheza, inakula data na haisomeki. Mwezeshaji anaonyesha skrini. Kikundi chenye mtandao mbovu kabisa kipate slaidi hizohizo kama picha kwenye WhatsApp, zipunguzwe hadi chini ya KB 50. Namba aziseme pia kwa sauti mara moja, maana kuna atakayekuwa haoni skrini.

Kadi zitumwe kwa ujumbe binafsi, dakika 10 kabla ya zoezi. Zikitumwa jana yake zitakuwa zimeshasambaa kwenye grupu la darasa.

Kukatika kwa mtandao kuwekeeni kanuni mapema. Anayekatika, jirani yake anashika nafasi: mkunga kwa muuguzi wa pili, daktari kwa mkunga, mfamasia na maabara kwa mtazamaji. Anayerudi haruhusiwi kutoa agizo mpaka apewe muhtasari wa sekunde 20. Bila kanuni hii zoezi husimama kumngoja mtu mmoja. Mkiwa nayo, kukatika kunageuka kukabidhiana zamu.

Kurekodi: ombeni ridhaa ya kila mmoja kwanza, mseme nani ataisikia na itafutwa lini. Sauti ya mwanafunzi ni taarifa binafsi. Tanzania kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, Kenya ya 2019.

Mwalimu_Ziwani

Salamu kutoka Kenya. Huku utaongeza afisa wa kliniki kwenye kikundi, mengine yanafanana. Mimi niseme juu ya mjadala, kwa sababu ndio unaofundisha. Igizo linatoa tu mali ghafi.

Muda kwanza. Igizo la dakika 12 linataka mjadala wa dakika 30. Kipindi cha dakika 90 kigawe hivi: maelezo ya awali 15, igizo 12, mjadala 30, mapumziko 5, igizo la pili 12, mjadala mfupi 16. Muda ukibana, punguza igizo. Walimu wengi hukata mjadala kwa sababu umebaki mwisho, na wanafunzi wanaondoka na msisimko bila somo.

Zile dakika 15 za awali usizipitishe haraka. Sema wazi kwamba zoezi ni la kujifunza, kwamba hakuna wa kuchekwa, kwamba yatakayosikika hayatoki nje. Kisha wafundishe mbinu tatu tu na wazifanyie mazoezi kwa sauti kabla ya kisa.

Ya kwanza ni SBAR: hali ya sasa, historia, unaonaje, unaomba nini. Wanafunzi husema tatu za kwanza wakasahau ombi. Mfano: "Daktari, naitwa Neema, mkunga wa leba. Mama wa kitanda 3 anatokwa damu, ml 700, mapigo 116. Ni uzazi wa nne, kliniki alikuwa na presha ya 150/100. Mji wa mimba bado umelegea baada ya oksitosini na TXA. Naomba uje sasa na utuambie dawa ya pili."

Ya pili ni kufunga agizo. Jina, agizo, rudio, taarifa. "Muuguzi Asha, anza TXA gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10." "TXA gramu 1, mshipa, dakika 10, naanza." "TXA imeanza saa 8:14." Mtandaoni hii ina faida ya ziada, kwa sababu watu wawili wakisema pamoja sauti ya mmoja humezwa. Agizo lisilo na jina mtandaoni halimfikii yeyote: hakuna macho ya kuonyesha unamwambia nani.

Ya tatu ni kupinga kwa ngazi, kutoka TeamSTEPPS, mpango wa mafunzo ya timu za afya wa Marekani wa mwaka 2006. Nina wasiwasi. Sijaridhika. Hili ni suala la usalama wa mgonjwa, tusimame. Ukipuuzwa mara ya kwanza unarudia, na ukipuuzwa tena unatafuta wa juu zaidi. Waruhusu waseme kwa Kiswahili. Kumbukumbu za mgonjwa zitaandikwa Kiingereza, lakini leba saa nane ya usiku watu huongea Kiswahili, na mwanafunzi anayetafuta maneno ya Kiingereza ya kumpinga daktari atanyamaza.

Mjadala wenyewe: mfumo wa PEARLS wa Eppich na Cheng, 2015, unafaa. Hisia kwanza, kisha kilichotokea, kisha uchambuzi, kisha wanachobeba kwenda wodini. Kwa dakika 30 weka 3, 4, 18, 5.

Kwa kamera zilizozimwa fanya hivi. Hisia: kila mtu aandike neno moja kwenye gumzo lakini asitume mpaka useme "tuma". Yote yanatokea kwa pamoja, hakuna anayemwiga mwenzake. Kisha ita kwa vyeo ukianzia chini ya ngazi: maabara, mfamasia, muuguzi, mkunga, daktari wa mwisho. Daktari akianza, wengine watarudia aliyosema. Ukiuliza swali, subiri sekunde 10 kamili. Kimya cha mtandaoni kinaonekana kirefu kuliko kilivyo, na mwezeshaji akikijaza mwenyewe hawaongei tena.

Kwenye uchambuzi sema ulichoona, ulichofikiri, kisha uliza. "Nilisikia Juma akisema mara mbili kwamba sampuli haina jina, na hakuna aliyemjibu. Nilidhani hamkumsikia. Upande wenu ilikuwaje?" Ni mbali na "Kwa nini hamkumsikiliza?", inayozaa utetezi tu. Ili uweze kusema hivyo unahitaji kumbukumbu: mtazamaji aandike dakika na maneno yenyewe. "Dk 4, daktari: mtu alete damu. Hakuna jina. Hakuna rudio." Mistari minane ya namna hiyo ina thamani kuliko fomu ndefu ya kutia tiki.

Chagua mada mbili. Usichambue kila kosa la tiba. Dozi iliyokosewa itaje kwa sentensi moja, toa jibu sahihi, endelea. Ukiingia kwenye famakolojia mjadala wa ushirikiano umekwisha na umekuwa darasa.

mkufunzi_kanda

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. La bingwa kwenye simu nalichukua kama lilivyo.

Mawili yamebaki. Dakika 12 za igizo hazitoshi dakika 45 za kulinganisha damu wala dakika 10 za TXA. Tunaharakishaje bila kuwapotosha? Na alama bado hamjanijibu. Idara inataka kitu cha kuweka kwenye rekodi.

Tabibu_Mwalimu

Usitumie kanuni ya "dakika moja ni sawa na tatu". Wanaichanganya, na wengine wanabaki na picha kwamba damu hupatikana kwa robo saa. Acha saa ya igizo iende sawa na saa ya ukutani kwenye mazungumzo, kisha ruka kwa kutangaza. Mwezeshaji anasema: "Simama. Zimepita dakika 20. Hii ndiyo hali." Anaonyesha slaidi inayofuata na kuuliza swali moja kabla ya kuendelea: "Maabara, damu imefikia wapi?" Mruko mmoja kwa igizo, usizidi. Wakati mzuri ni kati ya kumaliza matibabu ya mwanzo na hali D. Kama ombi la damu lilienda bila neno dharura, basi baada ya mruko jibu la maabara ni kwamba sampuli bado iko foleni, na mwezeshaji asiwaokoe. Wataomba O hasi bila kulinganisha, au hawataomba. Vyote viwili vinazungumzika.

TXA: kwenye karatasi ya mtazamaji iandikwe saa iliyoanza na saa mama aliyojifungua. Inatakiwa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na damu ikiendelea baada ya dakika 30 dozi ya pili inafikiriwa. Anayejua saa ya kujifungua ni mkunga. Daktari asipomwuliza, na mkunga asiposema, hapo pana pengo jingine la kujadili.

Bi_Mkunga

La alama. Mara ya kwanza msitoe alama ya mtu mmojammoja kwa alivyocheza. Mwanafunzi anayehesabiwa alama hatauliza kitu asichokijua, na somo lako zima ni kuuliza. Idara ipewe alama za mahudhurio na za andiko la ukurasa mmoja: taja wakati mmoja ambapo taarifa haikufika, eleza kwa nini, andika maneno ambayo ungesema. Hilo linasahihishika kwa haki hata kwa aliyekatikiwa na mtandao.

Timu yenyewe ipimwe kwa TEAM, kipimo kilichochapishwa mwaka 2010 kwa timu za dharura. Kina vipengele 11, kila kimoja 0 hadi 4, jumla 44, na alama ya jumla ya 1 hadi 10. Wapimaji wawili wapime rekodi ileile kila mmoja peke yake kabla ya siku yenyewe, walinganishe, wajadili walipotofautiana. Vile vinavyohusu kiongozi kuwa na picha nzima vinahitaji makubaliano, kwa sababu bila kamera unamsikia tu. Kama ni mengi, hesabuni kitu kimoja: maagizo mangapi yalitolewa, mangapi yalifungwa kwa jina, rudio na taarifa. Andika mzunguko wa kwanza na wa pili. Namba hiyo wanafunzi wenyewe wanaielewa.

RIPLS, dodoso la 1999 lenye maswali 19 kuhusu kujifunza pamoja, msiitumie kama ushahidi kwamba wamejifunza. Inapima utayari na mtazamo, na wengi hujaza juu tangu mwanzo, kwa hiyo baada ya zoezi haina pa kupanda.

Na tafadhali, kwenye cheti au rekodi msiandike kwamba wamefuzu kutibu PPH. Kukanda mji wa mimba, kukadiria damu iliyo kwenye shuka, kusimama mahali sahihi pembeni ya kitanda, hayo hayapiti kwenye simu. Wakifika wodini kila kampasi iwapitishe kwenye mwanasesere, au mtu aliyevaa MamaNatalie (kifaa cha kuigiza uzazi na kutokwa damu) kama mnayo, kwa kisa hikihiki. Hata dakika 20 zinatosha, kwa sababu maneno watakuwa wanayajua na mikono ndiyo itakayobaki kufundishwa.

Mkikamilisha kadi, kabla ya siku wapeni wauguzi watatu wa leba wazisome. Watawaambia mara moja kipi hakitokei hivyo kwenye zamu ya usiku.